Mirathi Iliyokwama Serikalini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Kenya

Ukurasa huu ni wa familia zilizomzika mpendwa wao, zikapeleka makaratasi kila mahali zilipotumwa, na hadi leo zinaambiwa "rudini wiki ijayo". Maelezo yanahusu sheria na ofisi za Kenya. Jambo moja utaliona likijirudia: sheria imeweka muda wa karibu kila hatua ya mirathi, na kuchelewa kokote kunakopita muda huo kuna mwenyewe. Anaweza kuwa mahakama, masjala ya ardhi, mwajiri wa marehemu, au ndugu mmoja aliyekalia stakabadhi nyumbani. Familia ikishamjua mwenyewe ni nani, nusu ya safari za bure zinaisha.

Kisheria, mirathi inapaswa kuchukua muda gani?

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ndiyo inayopanga hatua hizi. Ombi likishafunguliwa mahakamani, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Pasipokuwa na pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi, yaani karatasi inayompa mtu aitwaye msimamizi mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu. Baada ya hapo kuna miezi sita ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na hesabu zake. Miezi hiyo ikiisha, msimamizi anaomba hati ithibitishwe, na hapo ndipo mgawanyo unapoamuliwa. Hati ikithibitishwa, msimamizi ana miezi sita mingine ya kumaliza kugawa.

Kwa hiyo familia isiyo na ugomvi ingetarajia kumaliza upande wa mahakama katika mwaka mmoja hivi, na kugawa mali mwaka wa pili. Ukiona umeingia mwaka wa nne na hakuna anayepinga chochote, huo si mwendo wa kawaida wa sheria. Usikubali kuambiwa kwamba ndivyo mirathi ilivyo.

Basi mbona kuna familia zinazokaa miaka kumi, hata thelathini?

Nyingine zinapigana. Mirathi ya Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki mwaka 1981, ilizunguka mahakamani kwa zaidi ya miongo mitatu kwa sababu ya mabishano ya nani mjane, nani mtoto na nani auze nini. Huko serikali haikuwa peke yake katika kuchelewesha.

Lakini familia nyingi hazina mabilioni wala kesi za kupigania. Zina ekari mbili, akaunti ya benki na malipo ya kazini. Zinazokwama hapa hukwama kwa mambo madogo yanayofuatana. Herufi moja ya jina imekosewa, tangazo likarudiwa. Hakimu amehamishwa, tarehe ikasogezwa. Faili limetoka masjala kwenda kwa naibu msajili na halikurudi. Cheti cha uthibitisho kimefika ofisi ya ardhi, kumbe hatimiliki ilipotea zamani. Msimamizi aliyekuwa peke yake akafa, na kila kitu kikaanza upya. Kila jambo kati ya haya lina dawa yake. Yakirundikana bila mtu kuuliza, mtoto aliyeachwa darasa la pili anafika kidato cha nne mirathi ya babake haijafungwa.

Kuna kosa moja la kimfumo ambalo lazima lisemwe: hakuna ofisi inayobeba mirathi kutoka mwanzo hadi mwisho. Msajili wa vifo anamaliza yake, mahakama yake, ardhi yake, Hazina yake. Katikati ya ofisi hizo anayebeba karatasi ni mjane au mtoto mkubwa, tena kwa nauli yake.

Tumeambiwa tungoje Gazeti Rasmi. Tutajuaje limetoka?

Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa, mbali na matoleo maalum. Usingoje kupigiwa simu. Chukua nambari ya kesi, uliza masjala kama tangazo limepelekwa kwa mpiga chapa wa serikali, na lilipelekwa tarehe gani. Likitoka, lisome mwenyewe kabla ya kulipeleka kokote: jina la marehemu, tarehe ya kifo, mahali alipokuwa akiishi, majina ya waombaji. Kosa likigunduliwa baada ya hati kutolewa, marekebisho yake ni ombi jingine mahakamani.

Siku 30 zikiisha, hati haiji mlangoni. Siku ya 31 mtu wa familia afike masjala, au wakili aulize kupitia mfumo wa mahakama wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, kama kuna pingamizi lililowekwa. Kama hakuna, omba hati iandaliwe. Faili lisiloulizwa hukaa chini ya mengine.

Majina ya marehemu hayalingani kwenye kitambulisho, hatimiliki na cheti cha kifo. Tufanye nini?

Yatatueni mwanzo kabisa, kabla ya kufungua ombi. Mzee aliyezaliwa zamani huenda aliandikwa jina la ubatizo kwenye kitambulisho, jina la baba kwenye shamba na jina la utani kwenye ushirika. Hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ikiambatanishwa na nakala za stakabadhi hizo, hutosha mara nyingi. Ombi lenyewe liandikwe majina yote, likitaja kwamba marehemu alijulikana pia kwa jina fulani na fulani. Mkiliacha jina moja nje, ofisi ya ardhi au benki itawarudisha mahakamani baadaye, na kurudi huko huchukua miezi.

Kosa likiwa kwenye cheti cha kifo chenyewe, warudieni wasajili wa vifo wakirekebishe.

Chifu anakataa kutuandikia barua, au kila siku anasema njooni kesho.

Mahakama huitaka barua ya chifu au ya naibu wake ili ithibitishe warithi ni nani. Lakini elewa jambo hili: Sheria ya Urithi inamdai mwombaji ataje warithi wote kwa kiapo, na barua ya chifu ni utaratibu wa kumsaidia hakimu kuhakikisha. Chifu hana mamlaka ya kuamua nani arithi, wala kuishikilia barua mpaka familia ikubaliane na matakwa ya mtu fulani.

Akikataa, mwandikie barua ya kuiomba, uweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa au sahihi. Kisha panda kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo hilo. Ikishindikana huko pia, fungueni ombi mkieleza kwa kiapo kilichotokea na mwombe mahakama imwagize chifu. Kuna wajane walioacha kabisa kutafuta haki yao kwa sababu ya mlango huu mmoja tu, na ndilo jambo linaloniuma zaidi katika mirathi za vijijini.

Tukimwacha nje mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au dada walioolewa, si mambo yataenda haraka?

Hapana. Hakuna njia ya mkato inayorefusha safari kama hii.

Kwa Sheria ya Urithi, mtoto ni mtoto, awe wa kiume au wa kike, ameolewa au hajaolewa. Aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa pia ikiwa marehemu alimtambua au alimkubali kuwa mwanawe. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kijinsia, na hata kabla ya hapo Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Rono ya mwaka 2005 ilikataa hoja kwamba binti apate kidogo kwa kuwa ataolewa. Mwanamke aliyeolewa kimila naye huhesabiwa mke kwa ajili ya mirathi hata kama mume alikuwa na ndoa ya kanisani.

Sasa tazama kinachotokea mkimficha mtu. Hati inatoka upesi kwa sababu hakuna aliyepinga. Mnagawana, mnachukua hatimiliki, pengine mmoja anauza. Miaka mitano baadaye yule aliyefichwa anaomba hati ifutwe chini ya kifungu cha 76, akionyesha kwamba ilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Mahakama ikifuta, mnarudi mwanzo: ombi jipya, tangazo jipya, siku 30 mpya, na safari hii mnabishana na mtu mwenye kinyongo na mnunuzi anayedai fedha zake. Serikali haijachelewesha chochote hapo. Familia imejichelewesha yenyewe na haina wa kumlaumu.

Waandikeni wote. Asiyetaka urithi anaweza kusema hivyo mwenyewe mbele ya mahakama.

Miezi sita baada ya hati kutoka ni lazima tuingoje?

Si lazima kila mara, na watu wengi hawaambiwi hili. Kifungu cha 71 kinairuhusu mahakama kuthibitisha hati mapema, kwa ombi la msimamizi, ikiwa hakuna wategemezi, au wategemezi wote ni watu wazima na wamekubali, na mahakama ikaona inafaa. Familia ya ndugu watano wenye vitambulisho, wanaoelewana, ina sababu nzuri ya kuomba. Wote watie sahihi fomu ya kukubali mgawanyo na wafike siku ya kusikizwa, ana kwa ana au kwa mtandao kadiri mahakama itakavyoelekeza.

Wakati wa kungoja usipotee bure. Fanyeni sachi ya ardhi (kuuliza masjala ya ardhi daftari linasema nini kuhusu shamba), pateni taarifa za benki, tafuteni hatimiliki. Kama hatimiliki imepotea, anzeni mchakato wa kupata nyingine sasa, maana nao una tangazo lake la siku 60.

Masjala wanasema faili letu limepotea.

Omba wakujibu kwa maandishi. Andika kwa naibu msajili wa mahakama hiyo ukitaja nambari ya kesi, tarehe ya mwisho faili lilipoonekana mbele ya hakimu au jaji, na nakala ulizo nazo. Lisipopatikana, omba lijengwe upya kutokana na nakala za pande zote. Hilo ni jambo la kawaida mahakamani. Kwa sababu hiyo familia iweke nyumbani nakala ya kila karatasi yenye muhuri wa mahakama, pamoja na risiti za malipo. Kesi zilizofunguliwa kwa mtandao, mfumo ulioanza Nairobi mwaka 2020 na kuenea nchini baadaye, zina nafuu kwa kuwa nakala zimebaki kwenye mfumo. Za zamani ndizo zenye hatari.

Usipopata jibu, peleka malalamiko kwa Ombudsman wa Mahakama, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya mahakama. Kumlalamikia karani kwenye korido hakuachi alama yoyote. Barua ndiyo inayoacha.

Hati imethibitishwa, lakini ofisi ya ardhi haihamishi shamba.

Hapa ndipo familia nyingi hudhani zimemaliza, kumbe zimefika nusu ya njia. Cheti cha uthibitisho hakibadilishi jina kwenye daftari la ardhi. Kuna hatua mbili: kwanza msimamizi anasajiliwa kama mwakilishi wa marehemu, kisha anawahamishia warithi waliotajwa kwenye cheti. Mara nyingi fomu hupelekwa kwa pamoja, lakini ni hatua mbili.

Kinachokwamisha zaidi ni kugawanya shamba. Kama shamba zima linakwenda kwa mrithi mmoja, au kwa wote kwa pamoja, sheria ya udhibiti wa ardhi haidai idhini ya bodi ya ardhi. Likikatwa vipande vyenye hatimiliki tofauti, na ni ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi, idhini inahitajika, na kabla ya hapo mpimaji lazima aandae ramani ya mgawanyo na nambari mpya zitolewe. Bodi hukutana kwa ratiba yake, mpimaji naye ana foleni yake. Ongeza vyeti vya kutodaiwa ada za ardhi. Mkitaka kuokoa muda, mpelekeni mpimaji shambani kabla ya siku ya uthibitisho ili mgawanyo mnaouomba mahakamani ulingane na ardhi ilivyo. Nimeona vyeti vinavyompa kila mtoto ekari moja na robo katika shamba ambalo, likipimwa, halitoshi. Cheti kama hicho hakitekelezeki, na dawa yake ni kurudi mahakamani kukirekebisha.

Sababu nyingine ni zuio lililowekwa kwenye shamba, yaani maandishi katika daftari yanayokataza lisihamishwe. Sachi ya mapema ingelionyesha.

Shamba bado lina jina la babu, na baba naye ameshafariki. Tunaanzia wapi?

Kwa babu. Hakuna kuruka. Baba hawezi kuwarithisha kitu ambacho hakijafika kwake. Mnafungua mirathi ya babu mkiwataja watoto wake wote, pamoja na nyumba za waliokufa, kisha fungu la baba linaingia katika mirathi yake. Kama babu alifariki kabla ya Julai 1981, nani arithi huamuliwa kwa sheria na mila zilizotumika wakati alipofariki, lakini usimamizi wenyewe hufuata Sheria ya Urithi ya sasa. Sheria haikuweka muda wa mwisho wa kufungua ombi, kwa hiyo hamjachelewa kisheria. Mmechelewa kwa maana nyingine: kila muongo unaopita unaongeza warithi, na kila mrithi anayeongezeka ni sahihi moja zaidi ya kutafuta. Shangazi yenu mzee anayezijua nyumba zote za babu aandikishwe ushahidi angali hai.

Marehemu alikuwa mtumishi wa serikali. Malipo yake yamekwama wapi?

Jiulize kwanza alikuwa chini ya mpango gani. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, kuna malipo ya mkupuo yanayokwenda kwa wasimamizi wa kisheria wa marehemu, na kuna pensheni ya wategemezi inayolipwa kwa miaka mitano. Wizara au idara aliyofanyia kazi ndiyo huandaa madai na kuyapeleka Idara ya Pensheni katika Hazina ya Kitaifa. Kwa hiyo ukifika Hazina ukaambiwa faili halijafika, usikae hapo. Rudi kwa mwajiri. Karatasi zinazokosekana mara nyingi ni za zamani sana: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo. Familia haikuwa na wajibu wa kutunza faili la kazi, mwajiri ndiye aliyekuwa nao, na ni haki kumwambia hivyo kwa maandishi.

Walioingia katika mpango wa uchangiaji wa utumishi wa umma ulioanza Januari 2021 wana utaratibu tofauti, kwa kuwa fedha za mpango wa namna hiyo si sehemu ya mirathi. Tazama swali linalofuata.

Mali gani haihitaji kupita mahakamani?

Ni nyingi kuliko familia zinavyodhani. Mafao ya mipango ya pensheni iliyo chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu hayahesabiwi kuwa mali ya mirathi. Wadhamini wa mpango huyalipa kwa kufuata kanuni zao na jina lililoandikwa na mwanachama. Bima ya maisha yenye mnufaika aliyetajwa humlipa mnufaika huyo. Hisa na akiba za ushirika zinaweza kwenda kwa mtu aliyeteuliwa na mwanachama. Ardhi ambayo mume na mke waliimiliki kwa pamoja, si kwa mafungu, hubaki kwa aliye hai: msajili akipewa uthibitisho wa kifo, anafuta jina la marehemu.

Chunguzeni haya wiki za mwanzo. Mjane anayengoja hati ya mahakama ili alipwe akiba ya chama ambayo jina lake liliandikwa miaka mingi iliyopita anangoja bure.

Watoto wanahitaji karo sasa, si mwaka ujao.

Ombeni hati ya muda, ile ya kukusanya na kuhifadhi mali. Mahakama huweza kuitoa kwa jambo la dharura kabla ya hati kamili, kwa mipaka iliyoandikwa waziwazi: kwa mfano kupokea kodi ya nyumba, kuzuia mali isiharibike, au kutoa benki fedha za kiasi fulani kwa karo na matibabu. Eleza dharura kwa ushahidi: barua ya shule, ankara ya hospitali, taarifa ya akaunti. Hati hii haigawi mali, na anayeitumia vibaya atatoa hesabu.

Kwani haturuhusiwi kuuza kipande kimoja tu tujisaidie tukingoja?

Hapana. Kuingilia mali ya marehemu bila hati ni kosa chini ya kifungu cha 45, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo. Madhara makubwa ni kwamba mauzo hayo hayasimami, na mnunuzi anageuka mshtaki wa pili katika mirathi yenu.

Anayechelewesha ni kaka yetu mkubwa, ndiye msimamizi.

Sheria haimlindi. Alipaswa kuleta orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi sita, na kuomba uthibitisho ndani ya mwaka mmoja. Asipofanya hivyo, mrithi yeyote anaweza kuiomba mahakama imlazimishe atoe hesabu, au hati ifutwe na wengine wateuliwe. Kama hajafungua hata ombi na anazuia wengine, mahakama inaweza kumwita achukue jukumu hilo au aliache kwa mwingine.

Kama mnaona aibu kumshtaki ndugu, ombeni upatanisho ulio chini ya mahakama, ulioanza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016. Makubaliano yakiandikwa hapo, mahakama huyapitisha kuwa amri. Na mkiteua wasimamizi, teueni wawili au zaidi, mwisho wanne. Pale kuna watoto wadogo, wawili ni lazima. Mmoja akifariki, waliobaki wanaendelea na kazi; lakini pale penye watoto wadogo, aliyebaki peke yake hawezi kugusa fungu lao mpaka mahakama imwongezee mwenzake.

Tuandikeje barua ya malalamiko ili isitupwe?

Fupi, yenye tarehe, ikiuliza jambo moja linalojibika. Mfano:

"Kwa Msajili wa Ardhi. KUH: Mirathi ya marehemu (jina), kesi nambari (…), shamba nambari (…). Mimi ni msimamizi wa mirathi hii. Tarehe (…) niliwasilisha kwako cheti cha uthibitisho pamoja na fomu za uhamisho, na nilipewa nambari ya kupokelewa (…). Hadi leo uhamisho haujasajiliwa na sijapewa sababu kwa maandishi. Naomba unijulishe: (a) ni stakabadhi gani inayokosekana, kama ipo, (b) afisa gani anashughulikia ombi hili, (c) litakamilika tarehe gani. Naliomba jibu hili kwa mujibu wa kifungu cha 35 na cha 47 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016."

Peleka nakala mbili, ubaki na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kuhudumiwa upesi na kwa haki, na sheria ile ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Siku hizo zikipita kimya, peleka barua hiyohiyo kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Malalamiko dhidi ya wizara, ofisi ya ardhi, Idara ya Pensheni au ofisi ya Mdhamini wa Umma (ofisi ya serikali inayosimamia baadhi ya mirathi) yote yanaingia hapo. Hatua ya mwisho ni kuiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kumlazimisha afisa atimize wajibu wake. Ina gharama, lakini kesi hiyo husimama au kuanguka kwa barua ulizoandika awali na mihuri iliyo juu yake.

Tumeombwa "kitu kidogo" ili faili lisonge. Tutoe?

Msitoe. Malipo halali yana nambari ya malipo na risiti. Mwenye kuomba nje ya hapo aripotiwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Aliyelipwa mara moja amejifunza kwamba kuchelewesha faili lenu kunamlipa.

Benki inasema fedha za marehemu zilishapelekwa serikalini. Zimepotea?

Hazijapotea. Akaunti ya benki iliyokaa bila kuguswa kwa miaka mitano huhesabiwa kuwa mali isiyodaiwa, na benki huikabidhi Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, chini ya sheria ya mwaka 2011. Wasimamizi wanaweza kuzidai wakiwa na hati yao. Hii ni sababu nyingine ya kuziandikia benki zote ambazo marehemu huenda alikuwa na akaunti, mapema kadiri mnavyoweza.

Sisi ni Waislamu. Utaratibu ni huu huu?

Mafungu ya warithi hufuata sheria ya Kiislamu, na mnaweza kwenda Mahakama ya Kadhi pande zote zikiwa za Kiislamu na zikikubali mamlaka yake. Kuhusu ardhi, pensheni na benki, yote yaliyoelezwa hapo juu yanawahusu.

Mmoja wetu yuko ng'ambo na sahihi yake inahitajika.

Fomu ya kukubali anaweza kuitia sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati aliko au katika ubalozi wa Kenya, kisha aitume asili yake kwa posta, si picha ya simu. Kama yeye ni mmoja wa waombaji na hawezi kusafiri, atoe hati ya uwakilishi kwa mtu aliye nyumbani. Na kama marehemu alifia ng'ambo na hati ya mirathi ikatolewa katika nchi ya Jumuiya ya Madola, msianze upya: Mahakama Kuu inaweza kuiwekea muhuri ikatumika kwa mali iliyoko Kenya.